Sumu ya nyuki na matone ya nge: je, mama aache tibakemikali?

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne, na jambo linalonikosesha usingizi linamhusu mama yetu mzazi. Aligunduliwa kuwa na saratani ya titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji wa kuliondoa titi hilo pamoja na tezi za limfu za kwapani, na majibu ya maabara yalipotoka daktari bingwa alitueleza kwamba saratani yake ni ya ile aina isiyo na vipokezi vitatu, yaani zile protini tatu za seli ambazo baadhi ya dawa huzilenga, ambayo haisikii dawa za homoni, na kwamba kwa hiyo hana budi kupata tibakemikali. Ameianza. Kila anapotoka kuwekewa dripu hutapika kwa siku kadhaa, chakula hakipiti, nywele zimemtoka zote, na safari hii ametamka waziwazi kwamba harudi tena huko.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye mama humsikiliza kuliko sisi sote, amesoma kwamba wanasayansi wamegundua kuwa sumu ya nyuki huua seli za saratani ya matiti, tena za aina hiihii ya mama, ndani ya saa moja na bila kuzidhuru sana seli nzima. Amempata mtu anayewatibu wagonjwa kwa kuwadungisha nyuki hai, na vilevile amenunua matone yanayosemekana yametokana na sumu ya nge wa buluu. Aliyemuuzia amesisitiza kwamba mama aache kwanza tibakemikali ili mwili usafishike, ndipo matone yafanye kazi. Chupa iko chumbani kwa mama, nami sijui kama ameanza kuitumia.

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba huo ni utapeli, alinijibu kuwa dawa ya shinikizo la damu aliyokuwa akitumia shangazi yetu ilitokana na sumu ya nyoka, sasa kwa nini nyoka aaminiwe na nyuki akataliwe. Nilitafuta, nikakuta ni kweli, nikakosa la kumjibu. Tangu hapo tunapitana tu ndani ya nyumba, na mama anaona.

Ninaomba unijibu bila kunificha. Je, habari hii ya nyuki ni ya kweli? Matone hayo yana nini ndani yake? Je, mama anaweza kutumia vyote viwili kwa pamoja? Na nitazungumzaje na ndugu yangu bila kumlazimisha mama achague upande?

Binti wa kwanza

JIBU

Dada yangu,

Pole kwako na kwa mama, na pole pia kwa mdogo wako, maana katika barua yako ninamwona kijana anayemtafutia mama yake uhai mahali anapodhani upo. Kabla hujaendelea kusoma, ninakuomba jambo moja: tarehe ya dripu inayofuata isipite kimyakimya. Wapigieni simu kliniki, au nendeni wenyewe, muwaeleze kwamba mgonjwa anafikiria kuacha na muwaeleze ni kwa sababu gani. Nitalirudia jambo hilo, kwa kuwa kwa maoni yangu lina uzito kuliko nyuki na nge wote.

Habari aliyoisoma mdogo wako ni ya kweli. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Harry Perkins mjini Perth, Australia, kazi hiyo ikiongozwa na Ciara Duffy, walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya kwa sumu ya nyuki 312 waliokusanywa Australia, Ayalandi na Uingereza, wakiwamo nyuki wa asali na wale nyuki wakubwa wenye manyoya. Sumu ya nyuki wa asali iliua seli za saratani ya matiti, hasa zile zisizo na vipokezi vitatu na zile zenye kwa wingi HER2, protini inayoichochea seli kukua, kwa kiasi ambacho hakikuziathiri sana seli za kawaida, ilhali sumu ya wale nyuki wakubwa haikuziua. Katika panya wa maabara, kiini cha sumu hiyo kilipotumiwa pamoja na dosetakseli, ambayo ni dawa ya kawaida ya tibakemikali, kilipunguza ukuaji wa uvimbe. Kwa hiyo usimwambie tena ndugu yako kwamba ametunga au ametapeliwa habari. Alichosoma kipo, na kimefanywa na watu makini.

Kiini chenyewe kinaitwa melitini. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 26, nao peke yake huchukua takriban nusu ya uzito wa sumu ya nyuki iliyokaushwa. Melitini inapokutana na seli hujipachika kwenye utando wake wa nje, na minyororo kadhaa inapokusanyika mahali pamoja utando huo hutoboka, vilivyomo ndani vikavuja, na seli ikafa. Seli nyingi za saratani huwa na kasoro katika utando wao: baadhi ya mafuta ambayo katika seli nzima hukaa upande wa ndani, hasa yale yaitwayo fosfatidiliserini, kwao hujitokeza upande wa nje, na sumu za namna hii hupata pa kushika. Jambo hilohilo lilielezwa mwaka 2015 kuhusu sumu ya nyigu wa Brazili, Polybia paulista, na watafiti wa Brazili na wa Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza, ambao hata hivyo walitumia tando zilizotengenezwa maabara kwa mfano wa tando za seli.

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole, kwa sababu ugumu wote uko hapa. Melitini haina macho. Chembe nyekundu za damu nazo zina utando, na melitini huzipasua vizuri sana, kiasi kwamba maabara hutumia upasukaji wa chembe hizo kama kipimo cha ukali wake. Maumivu makali unayoyasikia nyuki anapokuuma yanatokana kwa sehemu kubwa na kitu hichohicho ambacho katika sahani ya maabara kiliua saratani. Ndani ya sahani, mtafiti humwaga kiasi anachokitaka juu ya seli anazozitaka, na hakuna ini la kulinda wala figo wala damu inayopita. Ndani ya mwili wa mtu, sumu ambayo nyuki ameiacha kwenye ngozi ya mkono au mgongo hushikana na seli za kwanza inazokutana nazo, yaani za ngozi na za mishipa midogo iliyo hapo hapo, na haina njia ya kuzitafuta seli za saratani zilizojificha kwingineko. Na kama mtu angeongeza idadi ya nyuki ili sumu ifike mbali zaidi, angeifikia kwanza hatari ya damu, misuli na figo kuharibika, kabla ya kuufikia uvimbe.

Watafiti wanalijua hilo kuliko mimi na wewe, ndiyo maana wengi wao hawashughuliki tena na swali la kama melitini inaua, bali na swali la namna ya kuifungia hadi ifike inakotakiwa. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliibeba melitini juu ya chembechembe ndogo mno zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, wakazidunga kwenye damu ya panya, na uvimbe ukapungua kasi bila damu ya panya hao kuharibiwa. Huo ndio mwelekeo wenye matumaini. Lakini angalia umbali uliopo kati ya chombo kilichosanifiwa kubeba sumu kwa kipimo na nyuki aliyeshikwa kwa koleo akabandikwa mwilini mwa mgonjwa.

Kuhusu nge, habari ni nzuri zaidi kwa namna fulani, na wauzaji wa matone huisimulia nusu tu. Katika sumu ya nge aitwaye Leiurus quinquestriatus, anayeishi Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, imo klorotoksini, mnyororo wa asidi amino 36 unaopenda kushikamana na seli za aina fulani za saratani ya ubongo. Daktari wa watoto Jim Olson na wenzake mjini Seattle waliifunga klorotoksini iliyotengenezwa maabara pamoja na rangi inayong'aa chini ya mwanga ulio karibu na infraredi, ili mpasuaji aone mahali uvimbe unapoishia na ubongo mzima unapoanzia, asiache kipande wala asikate pasipostahili. Dawa hiyo, inayoitwa tozuleristidi, imeingia katika majaribio kwa wagonjwa, wakiwamo watoto wenye uvimbe wa ubongo. Katika kazi hiyo nge haui saratani, anaionyesha tu, na anayeiondoa ni mpasuaji kwa kisu chake.

Nge wa buluu wa Kuba ni nge mwingine, Rhopalurus junceus. Sumu yake imechunguzwa maabara, lakini hakuna jaribio la kitabibu lililochapishwa ambalo limeonyesha kwamba humponya au humrefushia maisha mgonjwa wa saratani ya matiti. Matone mengi yanayouzwa kwa jina la nge huyo hutengenezwa kwa utaratibu wa homiopathi, na ninakuomba uitazame lebo ya chupa iliyo chumbani kwa mama. Ukikuta imeandikwa 30C au 30CH, maana yake ni kwamba sehemu moja ya sumu ilichanganywa na sehemu 99 za maji au spiriti, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo ikachanganywa tena na 99, na hivyo hivyo mara 30. Hesabu ya kemia inaonyesha kwamba kufikia mara ya 12 hivi huwezi kutarajia kubaki hata molekuli moja ya kitu cha mwanzo. Kwa hiyo chupa ya namna hiyo, ikiwa imetengenezwa kama lebo inavyosema, haina sumu ya nge ndani yake. Na kama lebo haisemi kipimo chochote, au aliyeitengeneza hajulikani, basi hamjui mnampa mama nini, na hata ingekuwa sumu halisi, protini zinazomezwa kwa kawaida humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote.

Sasa nije kwenye hoja ya nyoka, ambayo naiheshimu kwa sababu ndiyo iliyokunyamazisha. Ni kweli kabisa. Nyoka wa Brazili aitwaye Bothrops jararaca akimuuma mtu, shinikizo la damu huporomoka. Mwaka 1965 mtafiti Sérgio Ferreira wa Brazili alieleza kuhusu vitu vilivyomo katika sumu hiyo vinavyoongeza nguvu ya bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa. Aliipeleka kazi hiyo London, katika maabara ya John Vane, na baadaye wanakemia David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb, Marekani, waliisoma namna sumu hiyo inavyokizuia kimeng'enya kimoja, wakatengeneza molekuli ndogo mpya inayofanya kazi hiyo na inayoweza kumezwa kama kidonge. Hiyo ndiyo kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981.

Mwulize ndugu yako kwa upole: katika hadithi hiyo yote, ni wakati gani mgonjwa wa shinikizo la damu alipelekwa aumwe na nyoka? Hakuna. Shangazi yenu hakuwahi kunywa sumu. Alikunywa kidonge kilichosanifiwa kutokana na somo ambalo sumu iliwafundisha wanakemia, kikapimwa kwa watu wengi, kipimo chake kikajulikana, na madhara yake, kama kile kikohozi kikavu kinachowapata baadhi ya wanaoitumia, yakaandikwa kwenye karatasi ya ndani ya pakiti. Zaidi ya miaka 15 ilipita kati ya ugunduzi na kidonge. Mfano wa nyoka, ukiutazama wote, ni ushahidi kwamba njia ipo, na pia ni ushahidi wa urefu wa njia hiyo.

Zipo dawa nyingine zilizoipita. Eksenatidi ya kisukari, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ilianzia kwenye mate yenye sumu ya mjusi aitwaye Gila. Zikonotidi, iliyoidhinishwa mwaka 2004, inafanana kabisa na kitu kilichomo katika sumu ya konokono wa baharini Conus magus, na hii inawagusa wagonjwa wa saratani moja kwa moja, kwani hutumika kutuliza maumivu makali sana ambayo dawa nyingine zimeshindwa. Lakini hata hiyo hailambwi wala haidungwi mkononi: huingizwa kidogo kidogo kwa pampu katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo, chini ya uangalizi wa karibu, kwa sababu inaweza kuvuruga akili ya mgonjwa. Ama dawa inayotokana na sumu ya mnyama na iliyoidhinishwa kutibu saratani yenyewe, hadi ninapoandika haya haijapatikana. Albert Calmette, mmoja wa wavumbuzi wa chanjo ya kifua kikuu, alikwisha kuijaribu sumu ya swila dhidi ya saratani ya panya mwaka 1933. Tangu wakati huo zimechunguzwa sumu nyingi, na ninatamani kwa dhati mojawapo ifike. Ila kati ya dawa za saratani zinazoanza kujaribiwa kwa watu, ni takriban 1 tu kati ya 20 inayofikia kuidhinishwa, na hizo ni zile ambazo tayari zimefaulu katika sahani na katika panya.

Kuna jambo ambalo pengine mdogo wako hajaambiwa. Nendeni mkaulize majina ya dawa zilizomo katika dripu ya mama. Wagonjwa wengi wenye saratani ya aina yake hupewa doksorubisini na paklitakseli. Ya kwanza asili yake ni bakteria wa udongoni, Streptomyces peucetius. Ya pili ilipatikana kwanza katika gome la mti uitwao Pacific yew huko Marekani. Zote mbili ni sumu za viumbe. Tofauti yao na kilichomo chupani ni kwamba hizi zimekwisha kuipita njia ile ndefu: inajulikana ni kiasi gani kinaua saratani, ni kiasi gani kinadhuru moyo au neva, na kinga yake ni ipi. Kama ndugu yako anaiamini nguvu ya maumbile, basi huenda nguvu hiyo tayari inaingia katika mshipa wa mama.

Uliuliza kama anaweza kutumia vyote viwili. Nyuki, hapana, na ninalisema hili kwa mkazo. Mwaka 2018 madaktari wa Hispania walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 55 aliyekuwa amedungishwa nyuki kama tiba kwa miaka 2 bila tatizo, kisha safari moja akapatwa na mshtuko mkali wa mzio baada ya kuumwa, na hatimaye akafariki. Kwa hiyo mtu kutodhurika jana si dhamana ya leo. Kwa mama yenu kuna mambo mawili ya ziada. Tibakemikali hushusha chembe nyeupe za damu na chembe sahani zinazoigandisha damu, na kila tundu kwenye ngozi ni mlango wa vijidudu katika mwili usio na walinzi wa kutosha. Pili, ameondolewa tezi za limfu za kwapa la kushoto, na madaktari wengi huwashauri wagonjwa wa namna hiyo waukinge mkono wa upande huo dhidi ya majeraha na kuumwa na wadudu, kwa sababu maambukizi yanaweza kuufanya mkono huo uvimbe bila kwisha. Kuhusu matone, hatari yake kubwa ni lile sharti la kuacha matibabu. Kama ameanza kuyatumia, msimfokee wala msiitupe chupa: ibebeni mwende nayo kliniki. Kabla ya kila dripu huangaliwa damu, mara nyingi na ini na figo pia, na vipimo vikivurugika huku daktari hajui kwamba kuna kitu kingine kinachotumiwa, anaweza kuilaumu dawa isiyohusika na kupunguza dozi ambayo mama anaihitaji.

Kuacha matibabu kuna gharama inayopimika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 281 wenye saratani ambayo ilikuwa haijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake, na wengine wanaofanana nao waliopata matibabu ya kawaida. Kwa jumla hatari ya kufa ilikuwa mara 2.5 kwa waliochagua tiba mbadala, na kwa saratani ya matiti ilikuwa zaidi ya mara 5. Sitaki kukutisha kupita kiasi: wale walikataa hata upasuaji, na mama yenu ameshafanyiwa, kwa hiyo tarakimu hizo hazimhusu moja kwa moja. Lakini saratani isiyo na vipokezi vitatu ina tabia ya kurudi mapema, hasa katika miaka 3 ya mwanzo, na kwa kuwa dawa za homoni haziigusi, tibakemikali ndiyo nguzo ya kuzisaka seli ambazo kisu hakikuzifikia. Muda huu ndio wake.

Narudi sasa kwenye kutapika. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninavyoielewa, mama hakusema kwamba haiamini tibakemikali. Alisema kwamba hawezi tena kurudi kwenye hali ile. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu anayetapika kwa siku kadhaa mfululizo bila chakula kupita atapokea chochote kinachomwahidi kuacha kutapika, na mwuzaji wa matone hahitaji hoja nyingine. Kutapika huko si kodi ambayo lazima ailipe. Zipo dawa kadhaa za kuzuia kutapika, kama ondansetroni, deksamethasoni, aprepitanti na olanzapini, ambazo hufanya kazi kwa njia tofauti na mara nyingi huunganishwa, huanza kutolewa kabla ya dripu, na huendelea nyumbani kwa siku zinazofuata hata kama kichefuchefu hakijaanza. Wapo wagonjwa wengi wanaopewa moja tu, au wanaoacha kuimeza siku ya pili kwa kudhani imeshindwa, na wapo wengi zaidi wasiomwambia daktari kwa kuona haya au kwa kudhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Andika: alitapika mara ngapi, siku zipi, alimeza nini na saa ngapi, alikunywa maji kiasi gani. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko sentensi yoyote ya jumla. Daktari anaweza kubadilisha dawa za kichefuchefu, anaweza kuongeza maji ya mshipani, na ikibidi anaweza kurekebisha dozi au ratiba yenyewe. Nywele, mwambieni, kwa kawaida huanza kuota tena baada ya matibabu kwisha.

Kwa mdogo wako, usiende na neno utapeli. Mwanzie pale alipo sahihi: mwambie kwamba utafiti wa Perth ni wa kweli, kwamba kaptoprili ilitokana na nyoka kweli, na kwamba umetambua alikuwa na haki juu ya mambo hayo. Kisha umwombe mwende kliniki pamoja naye akiwa ndiye msemaji, si wewe. Aulize mwenyewe maswali yake yote ya nyuki na nge mbele ya daktari bingwa, na aulize pia kama kuna jaribio lolote la kitabibu ambalo mama anaweza kuandikishwa, kwa sababu hiyo ndiyo njia halali ya mgonjwa kuifikia dawa ambayo bado inachunguzwa: chini ya kamati ya maadili, kwa ridhaa ya maandishi, bila kutozwa kwa ajili ya dawa ya majaribio, na bila kuambiwa aache kwanza tiba inayojulikana kumsaidia. Mtu anayewauzia chupa na kuwataka mwache hospitali hana hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Mama mwenyewe msimjadili akiwa chumba cha pili. Mwulizeni nini kilikuwa kigumu zaidi kwake, kisha nyamazeni asimulie. Mwili ni wake na uamuzi ni wake, na kama baada ya kutibiwa kichefuchefu na kuelezwa yote bado atakataa, daktari bingwa na ninyi mtakuwa na wajibu wa kuendelea kumhudumia vilevile. Lakini uamuzi alioutoa akiwa hajala kwa siku kadhaa usichukuliwe kuwa ndio wa mwisho.

Na katika siku hizi, akipata homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, msisubiri asubuhi wala msimpe dawa ya kushusha homa mkalala: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo na mseme mlangoni kwamba yuko kwenye tibakemikali. Na kama tayari amedungishwa nyuki, akivimba uso au midomo, akikosa pumzi au akizimia, hiyo ni dharura ya dakika, na dawa yake ni sindano ya adrenalini.